Uongozi wa 6–3 unaupotezaje? Fainali ya Masters ya snuka jana usiku

#1 Kijiti_cha_Ilala (15 Januari 2024, saa 3:12 asubuhi)

Wakuu, habari za asubuhi. Nimekesha, kazini nimefika nimechelewa, bosi ananiangalia kwa jicho la pembeni. Naomba mnisaidie jambo moja nipate kutulia.

Fainali ya Masters, Alexandra Palace, London. Ali Carter anaongoza 6–3. Wa kwanza kufika 10 ndiye bingwa, kwa hiyo jamaa anadai fremu nne tu (fremu ni mchezo mmoja mmoja ndani ya mechi). Aliye mbele yake ni Ronnie O'Sullivan, mzee wa miaka 48, na usiku huo alikuwa anakosa mipira ambayo hata mimi ningeitumbukiza. Nikamwambia shemeji yenu, "leo mzee anazikwa." Nikaenda kuchemsha chai.

Mwisho wa habari: 10–7, kombe kachukua Ronnie. Katika fremu nane zilizobaki Carter kaambulia MOJA.

Swali: Ronnie alipanda, au Carter alishuka mwenyewe? Msiniletee habari za "ndivyo michezo ilivyo".

#2 Ngoja_Waje

Nimeweka kigoda changu hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mama_Baridi_Moro

Samahani jamani, hiyo snuka ndiyo hii pool? Kwangu kuna meza, vijana wanashinda nayo kutwa, soda hawanunui. Sijawahi kuona mtu anafika fremu kumi, wanapigana kabla.

#4 Mzee_wa_Chaki

Mama Baridi, ni ndugu lakini si pacha. Meza yako ina futi saba hivi. Ya snuka ni futi 12 kwa 6, matundu yamebana na mipira ni midogo. Kuna nyekundu 15, kila moja ina pointi 1, halafu rangi sita kuanzia njano yenye 2 hadi nyeusi yenye 7. Unaingiza nyekundu, kisha rangi, rangi inarudishwa mezani, unaendelea. Nyekundu zikiisha unamalizia rangi kwa mpangilio. Ukichukua nyekundu zote na kila moja ukaifuatisha na nyeusi, unapata 120, ukiongeza rangi za mwisho 27 inakuwa 147. Hiyo ndiyo ndoto ya kila mchezaji.

Na Masters si ya kila mtu. Wanaalikwa 16 tu, wale wa juu kwenye orodha ya ubora. Pointi za ubora hazipatikani hapo, ni kombe, heshima na hela. Bingwa wa jana kaondoka na pauni 250,000.

Sasa jibu la mleta mada. Nilichokiona mimi ni kwamba Ronnie aliacha ufahari. Alipoona mkono haumtii, akawa hafukuzi mpira wa mbali, anaupeleka mweupe kule nyuma kabisa kwenye ukingo, unamwachia Carter kazi ya kukwangua. Carter alitoka kwenye mechi ya kushambuliana akaingia kwenye mechi ya subira. Hiyo ya pili Ronnie anaijua kuliko watu wanavyodhani.

#5 Nyali_Tano

Wacheni hesabu nyingi. Ni watazamaji. Ule ukumbi wote ulikuwa wa Ronnie. Carter akiinama kupiga, mtu anapaza sauti. Carter mwenyewe baada ya mechi kawalalamikia, na Ronnie alipoulizwa akamjibu kwa maneno ambayo msimamizi wa hapa hataniruhusu niyaandike. Kucheza ugenini ukiwa kwenu, hiyo ni kazi ngumu. Wote wawili ni Waingereza lakini mmoja ndiye mtoto wa nyumbani.

#6 Dogo_Sinza

Nyali_Tano, watazamaji hao hao walikuwepo akiwa anaongoza 6–3. Walikuwa wamelala?

#7 Nyali_Tano

Walikuwa na huzuni buda. Mtu mwenye huzuni hapigi kelele.

#8 Mpemba_wa_Ruwi

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, hapa kuna ukumbi wa snuka Ruwi, Wahindi na Wapakistani wamejaa, jana tulikuwa kama thalathini tumeikodolea runinga moja. Ilipokuwa 6–3 mzee mmoja wa Karachi akasema, "subirini, huyu Carter anamjua huyu bwana." Hakusema zaidi.

Nimekwenda kukumbuka. Fainali ya dunia 2008, Carter kafungwa na Ronnie 18–8. Fainali ya dunia 2012, kafungwa na yule yule 18–11. Sasa na hii. Fainali tatu kubwa, adui mmoja. Ukishaumwa na nyoka mara mbili, hata ukuti ukikugusa unaruka.

#9 Shabiki_Namba_Nane

Carter hajawahi kumfunga Ronnie hata siku moja, ndiyo maana.

#10 Mpemba_wa_Ruwi

La, hapo umepotoka ndugu yangu. 2018, mashindano ya dunia Sheffield, raundi ya pili, Carter alimtoa 13–9. Na ni katika mechi hiyo hiyo walipogongana mabega wakipishana mezani. Kwa hiyo uhasama haukuanza jana.

#11 Shabiki_Namba_Nane

Sawa nimekubali. Lakini namba yangu inabaki pale pale: NANE. Ronnie kaanza kutwaa Masters 1993, jana kafikisha la nane, hakuna mwingine. Stephen Hendry, gwiji wa zamani, ana sita.

#12 Mzee_wa_Chaki

Shabiki, 1993 ni UK Championship, mashindano mengine makubwa ya snuka, akiwa na miaka 17. Masters ya kwanza ni 1995, alimfunga John Higgins 9–3 akiwa na miaka 19. Halafu 2005, 2007, 2009, 2014, 2016, 2017, na hii. Ndiye bingwa mdogo kuliko wote wa Masters, na tangu jana ndiye mkubwa kuliko wote pia. Aliyekuwa anashikilia ukubwa ni Stuart Bingham, alichukua 2020 akiwa na miaka 43. Na unajua Bingham alimfunga nani kwenye fainali ile?

#13 Dogo_Sinza

Usiniambie.

#14 Mzee_wa_Chaki

Ali Carter. 10–8. Na Carter mwaka ule aliingia kujaza nafasi, maana Ronnie aliukataa mwaliko.

#15 Dogo_Sinza

Huyu Carter amwone mganga.

#16 Rubani_wa_Ndoto

Mumheshimu kidogo jamaa. Ni rubani kweli, wanamwita Kapteni. Ameugua saratani mara mbili, ya korodani na baadaye ya mapafu, na ana ugonjwa wa utumbo wa miaka mingi. Wiki hii kamtoa Judd Trump aliyekuwa bingwa mtetezi, kamtoa Mark Allen. Kufika fainali kwa mwili ule ni ushindi tosha. Saa nne za usiku mwili unadai deni lake. Hiyo ndiyo sababu yangu: alichoka.

#17 Kijiti_cha_Ilala

Rubani, mwenzake ana miaka 48. Carter ana 44. Uchovu upimwe kwa mizani moja.

#18 Bwana_Takwimu

Mmesahau jambo. Mapumziko! Fainali ya Masters inachezwa vipindi viwili, mchana na usiku. Kati yake watu wanakwenda kula na kupumzika. Anayeongoza anapoa, anayefuata anajipanga. Tazama Paul Hunter, 2001. Mchana Fergal O'Brien anaongoza 6–2. Hunter karudi hotelini na mchumba wake, karudi mezani kama mtu mwingine, katika fremu sita kapiga mara nne pointi mia au zaidi kwa zamu moja, kashinda 10–9. Mwenyewe alisimulia habari ya hotelini mbele ya waandishi bila aibu. 2002 alikuwa nyuma 0–5 kwa Mark Williams, akashinda 10–9. 2004 alikuwa nyuma 2–7 kwa Ronnie huyu huyu, akashinda 10–9 tena. Alifariki 2006 kwa saratani, bado siku chache atimize miaka 28. Kombe la Masters sasa lina jina lake.

#19 Ngoja_Waje

Hapo kwenye habari ya hotelini ungefafanua kidogo.

#20 Mama_Baridi_Moro

Wewe Ngoja_Waje kaa kwenye kigoda chako.

#21 Mzee_wa_Chaki

Bwana Takwimu, ya Hunter ni kweli tupu, lakini haimsaidii Carter. Piga hesabu. Kipindi cha mchana ni fremu nane. 6–3 ni fremu tisa. Kwa hiyo mapumziko makubwa yalishapita, na Carter alirudi kutoka kula akiwa bado yuko mbele. Kuzama kwake kulianza BAADA ya hapo.

#22 Bwana_Takwimu

Duh. Nimepigwa na kitu kizito. Lakini kuna yale mapumziko mafupi katikati ya kipindi, baada ya fremu nne.

#23 Dogo_Sinza

Sasa unatafuta mapumziko kwa tochi.

#24 Mjukuu_wa_Mwandika_Alama

Mimi ni wa Nairobi. Marehemu babu alikuwa anaandika alama kwenye klabu moja ya wazungu kabla ya uhuru. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya ubao wa mbao wenye vibao vya shaba vinavyosukumwa kushoto na kulia, kutoa mipira matunduni, na kupaka chaki fimbo za wenyewe. Kupiga hakuruhusiwa. Wakishaondoka alikuwa anawasha taa moja kati ya sita zilizoning'inia juu ya meza, anacheza na mpishi mpaka gari la kuwarudisha makwao likaishiwa mafuta, maana dereva alikuwa anawasubiri nje injini ikinguruma.

Alikuwa na msemo wake kuhusu wale mabwana. Alisema yeye alijua nani atashindwa kabla ya mipira kujua. Anayefuata nyuma anatazama meza. Anayeongoza, akishakaribia, anaanza kutazama ubao. Kila akirudi kukaa, jicho kwanza kwa babu na vile vibao vyake. Babu alikuwa anasogea makusudi kidogo ili auone vizuri.

Jana nilimtazama Carter akiwa kwenye kiti, si mezani. Sisemi zaidi.

#25 Kijiti_cha_Ilala

Mjukuu, hii imenigusa. Babu yako alikuwa mchawi.

#26 Mjukuu_wa_Mwandika_Alama

Alikuwa Mluhya tu.

#27 Fundi_Kitambaa

Salamu wakuu. Mimi nafunga na kubadilisha nguo za meza, pool nyingi, snuka mbili tatu kwa mwaka kwenye klabu za zamani. Mnasema akili, mnasema mkosi. Hakuna anayesema MEZA.

Nguo ya snuka ni ya sufu na ina manyoya, yanalala upande mmoja, kutoka upande wa kuanzia kwenda upande wa nyeusi. Mimi nikimaliza kuifunga naipiga brashi kuelekea huko huko, halafu pasi, safari moja bila kurudi nyuma. Ukirudisha pasi umeharibu. Mpira ukienda na manyoya unanyooka, ukipigwa taratibu kinyume chake unapinda. Chini kuna jiwe, na meza za mashindano lile jiwe linapashwa moto lisinywe unyevu. Sasa weka watu zaidi ya elfu ukumbini, pumzi, makoti ya Januari. Meza ya saa nane mchana na meza ya saa nne usiku ni meza mbili. Anayecheza kwa hisia anaisoma. Anayecheza kwa kukariri anaona mipira "inamkataa".

#28 Dogo_Sinza

Fundi katetea chakula chake.

#29 Mama_Baridi_Moro

Fundi upo wapi? Meza yangu imechanika karibu na tundu la kona, vijana wamebandika plasta ya jeraha. Mpira ukifika pale unaruka kama chura.

#30 Fundi_Kitambaa

Dada nipo Dar, nina safari ya Dodoma. Nikipita Moro nakuona. Jumamosi.

#31 Mlevi_wa_147

Mnazunguka, mmeacha jambo kubwa la wiki. Ding Junhui kapiga 147 raundi ya kwanza dhidi ya Ronnie. KAFUNGWA 6–3. Mark Allen kapiga 147 robo fainali dhidi ya Mark Selby, kapita, halafu nusu fainali Carter kamtoa. Haijawahi kutokea 147 mbili kwenye Masters moja, na wote wawili wamekwenda nyumbani mikono mitupu.

Nimerudi nyuma. 1984 Kirk Stevens wa Kanada kapiga 147 kwenye nusu fainali akiwa kavaa suti nyeupe pee. Kafungwa na Jimmy White mechi hiyo hiyo. 2007 Ding, kijana wa miaka 19, kapiga 147, fainali Ronnie kamfunga 10–3, mtoto akalia, na alishampa Ronnie mkono ilipokuwa 9–3 akidhani mechi imeisha. 2015 Marco Fu kapiga, kombe kachukua Shaun Murphy. Na sasa hizi mbili. Ni tano, na HAKUNA hata mmoja aliyebeba kombe mwaka aliopiga 147. Mnaita nini hiyo kama si mkosi?

#32 Bwana_Takwimu

Naiita watu 16 na kombe moja. Kila mchezaji kati yao ana nafasi kubwa zaidi ya kulikosa kuliko kulipata. Matukio matano hayatoshi kujenga mkosi.

#33 Mpemba_wa_Ruwi

Takwimu, wewe kwenu hamna jini? Mtu akipata kitu kilichotimia, hulipia. Ding ni ushahidi. Kila akimpiga mtu vizuri, Ronnie yuko mlangoni. Desemba tu fainali ya UK pale York, Ronnie kamfunga 10–7. Namba zile zile za jana.

#34 Mlevi_wa_147

Naunga mkono hoja. Mkosi.

#35 Mzee_wa_Chaki

Mimi nadhani ni moyo kuridhika. Ukishapiga 147 ukumbi mzima umesimama, mwamuzi kakupa mkono, mpinzani kakupongeza. Ubongo unasema kazi imeisha. Kumbe ubao unasomeka fremu moja tu imeongezeka.

#36 Mjukuu_wa_Mwandika_Alama

Ubao tena. Asante mzee.

#37 Nyali_Tano (7 Machi 2024)

Naufufua uzi. Mumeona mashindano ya snuka ya Riyadh? Wameweka mpira wa ishirini na tatu, wa dhahabu, pointi 20. Unaruhusiwa kuupiga ukishamaliza 147 tu, jumla inakuwa 167, na zawadi dola 500,000. Ronnie kachukua kombe, kamfunga Luca Brecel 5–2. Dhahabu haijaguswa na mtu.

#38 Dogo_Sinza

Kwa nadharia ya Mlevi, atakayepata 167 anafariki pale pale.

#39 Mpemba_wa_Ruwi

Hapa Ruwi vijana wamepaka mpira mmoja rangi ya dhahabu ya makopo. Umetia madoa nguo yote. Mwenye ukumbi kawafukuza wiki nzima.

#40 Fundi_Kitambaa

Astaghfirullah. Rangi haitoki hiyo.

#41 Mlevi_wa_147 (18 Januari 2025, saa za usiku)

AMKENI. Shaun Murphy kapiga 147 leo kwenye Masters. Nusu fainali. Na aliyekuwa amekaa kwenye kiti akimtazama ni nani? MARK ALLEN. Kesho fainali na Kyren Wilson. Naweka bandiko hili mapema: Murphy anafungwa. Mkosi haubagui.

#42 Shabiki_Namba_Nane

Mimi mwaka huu sina raha. Ronnie kajitoa, wametangaza sababu za afya. Siku chache nyuma alivunja fimbo yake kwa hasira huko Leicester. Nafasi yake kapewa Neil Robertson.

#43 Kijiti_cha_Ilala

Mimi mleta mada bado nipo, na sijapata jibu la mwaka jana. Mnaniletea la mwaka huu.

#44 Bwana_Takwimu (20 Januari 2025)

Mlevi_wa_147, habari za asubuhi. Murphy 10, Wilson 7. Pauni 350,000. Kombe lake la pili baada ya lile la 2015. Wa kwanza katika historia ya Masters kupiga 147 na kubeba kombe mwaka huo huo. Jini limehama.

#45 Mlevi_wa_147

Halijahama. Limemfuata Allen. Mwaka jana kapiga yeye, kakosa. Mwaka huu kapigiwa yeye, kakosa. Na Murphy mnamwona kama mtu tu, 2015 mkosi wa Fu ulimnufaisha nani? Yeye. Alikuwa na kinga tangu zamani.

#46 Dogo_Sinza

Kila mlango ukifungwa huyu anatokea dirishani.

#47 Mpemba_wa_Ruwi

10–7 tena. UK ya Desemba 2023, Masters 2024, Masters 2025. Takwimu, na hiyo nayo ieleze.

#48 Bwana_Takwimu

Sijalala, niacheni.

#49 Rubani_wa_Ndoto

Mimi nabaki na Carter. Angepata fremu nne tu usiku ule, leo uzi huu ungekuwa na kichwa kingine, na kila mmoja wenu angekuwa na maelezo kwa nini Ronnie alizeeka.

#50 Kijiti_cha_Ilala

Hapo Rubani umenipata. Shemeji yenu naye anasema kosa ni langu, nisingekwenda kuchemsha chai.

#51 Mama_Baridi_Moro

Samahani kuwakatisha. Fundi_Kitambaa, ulisema Jumamosi.

#52 Fundi_Kitambaa

Dada naja. Nguo ninayo tayari kwenye gari.

#53 Mama_Baridi_Moro

Jumamosi ipi? Ile plasta vijana wamebandika ya tatu juu yake, sasa ni kilima kabisa. Kuna mmoja ameshajifunza kukipanda kwa mpira mweupe, anawafunga wote. Ukija usimwambie kwamba unaitoa.